Shokapu ndefu zaidi haimaanishi usalama zaidi

Ile meseji bado inazunguka kwenye magrupu ya baiskeli, eti kwa frirai (kuendesha baiskeli ya milimani kwa kuruka na kushuka miteremko mikali) funga shokapu ya mbele ya 200mm, yaani inayobonyea mpaka 200mm, ndo huumii. Sio kweli jamani. 200mm ni za dauni-hili, za kushuka tu, frirai nyingi ziko 160 mpaka 180 maana unahitaji pia kupiga pedeli na kuinyanyua baiskeli hewani. Na kila fremu ina kikomo, kipo kwenye maelezo ya mtengenezaji, ukizidisha shingo ya fremu inabeba mzigo ambao haikutengenezewa na inaweza kupasuka, naomba hili mlichukulie serious.

Wengi wanachanganyikiwa kwa sababu shokapu inagonga mwisho wakidhani ni fupi, kumbe upepo ndani ya shokapu ni mdogo. Pima: sukuma kile kimpira cha duara kwenye bomba la shokapu mpaka chini kabisa, panda taratibu na helmeti na begi lako, simama kwenye pedeli, shuka bila kuidundisha. Kwa 170mm kimpira kikipanda kama 26 hadi 34mm uko sawa, kikizidi ongeza upepo kidogokidogo. Ile meseji ikikufikia usiiforwadi, mtumie mwenzako hivi vipimo.