"Say" na "tell": acheni kupitia Kifaransa

"Mwalimu, say na tell za Kiingereza si ni dire ya Kifaransa tu?" Swali hili nalisikia kila darasa jipya la jioni linapoanza hapa Lubumbashi. Wengi wanaouliza ni madereva na mawakala wa forodha wanaovuka Kasumbalesa, na upande wa pili, Zambia, fomu na amri zote ni Kiingereza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Si kitu kimoja. Kifaransa kina kitenzi kimoja hapo, ndiyo maana mnaniandikia "he said me". Lakini Kiswahili mlichokulia nacho nyumbani kinavitenganisha wazi: kusema na kuambia. "Say" inataka maneno yaliyosemwa. "Tell" inataka shamirisho la mtu aliyeambiwa. Nani kati yenu anasema "dereva alinisema kwamba lori limekwama"? Alinisema ni alinisengenya, au alinikaripia! Basi ni "he told me the truck was stuck", au "he said the truck was stuck". Mkitaka kumtaja msikilizaji baada ya "say", wekeni "to": "he said to me". Na "he told that the truck was stuck" ni kosa lile lile limegeuzwa. Aliambia nani?

Kauli ya kutendwa nayo inafuata njia hiyo hiyo. Niliambiwa nisubiri: "I was told to wait". "I was said to wait" haipo kwa maana hiyo. Ofisa akikupa amri, ni "tell" tena: "he told me to park there". Ukikwama, iseme kwanza kwa Kiswahili, kisha ndiyo uivushe. Kifaransa kiache mlangoni, utakichukua ukitoka.

Eti "tell" haiwezi kukaa bila mtu? Mara nyingi ni kweli, ila kuna "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time". Hizo ni za kukariri, msinidai sababu.

Eti "say" ni ya kunukuu tu, na "tell" ya kuripoti? Hapana. "Say" inafanya kazi zote mbili.

"Sayed" na "telled" hazipo. Ni "said" na "told". "Said" hutamkwa sed, na "says" hutamkwa sez. Anayeniletea "seizi" kwenye mtihani wa mdomo nitamkata alama, hata kama sarufi yake imenyooka.