Injini mbadala ya nitro ni ipi hasa?

Kwa gari la rimoti linalotumia mafuta ya nitro, injini mbadala ni ile inayokaa mahali pa injini iliyokufa bila kulazimisha gari lenyewe likatwe, litobolewe au libadilishwe ili liipokee. Naanza na maana hiyo kwa sababu wengi wakisikia "mbadala" wanawaza "yenye nguvu zaidi", na hela nyingi zinapotelea hapo hapo.

Juzi kijana wa jirani hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea lori lake ndani ya kiroba. Ni yale ya magurudumu makubwa, alilitumiwa na mjomba wake aliyeko Muscat.

"Shikamoo fundi. Injini imenoki. Mjomba anasema atanunua nyingine, nimwambie namba gani?"

"Marahaba. Ina namba gani sasa hivi?"

"Ishirini na moja. Lakini nimeona kuna ishirini na nane. Si nimwambie hiyo?"

Tuanze na hizo namba. Hiyo 21 ni kifupi cha 0.21, nayo ni inchi za ujazo, yaani nafasi anayoifagia pistoni akitoka chini kwenda juu. Inchi moja ya ujazo ni cc 16.4 hivi, kwa hiyo injini ya 21 ina cc 3.5 kasoro kidogo. Ya 12 ina cc 2, ya 15 cc 2.5, ya 18 cc 3, na ile 28 iliyomtoa kijana udenda ina cc 4.6. Bodaboda nyingi za hapa mjini ni cc 125, na kijiko cha chai kinachukua mililita 5. Ujazo wote wa injini ya lori lile unaenea kwenye kijiko na nafasi inabaki, lakini kitu hicho kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika moja. Angalia pia kwamba wapo watengenezaji wanaoandika cc moja kwa moja. TRX 3.3 ya kampuni ya Traxxas ni cc 3.3, ambayo kwa hesabu ile ya inchi ni kama 20. Usije ukaiweka 3.3 kando ya 28 ukadhani ni kipimo kimoja.

Namba hiyo inakueleza tumbo la injini. Haikuelezi miguu yake ya kufungia, wala shafti yake, wala inatolea moshi upande gani.

Ila kabla ya kumwandikia mjomba, ilibidi tujue kama injini imekufa kweli. Nilimuuliza ilivyoanza. Akasema asubuhi inawaka vizuri, inakimbia dakika kumi, ikishapata moto inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Dalili hiyo ina maana yake. Pistoni ya injini hizi aghalabu haina ringi. Inaziba yenyewe ndani ya slivu, yaani bomba la ndani ya silinda, ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na slivu hiyo imechongwa ikibana kidogo kuelekea juu. Injini ikiwa baridi na nzima, ukizungusha flaiwili (lile gurudumu zito la kwenye shafti) kwa kidole pistoni inakwama ikifika kileleni, unasikia kabisa imeng'ang'ania. Ikipata moto, sehemu ya juu ya slivu inatanuka na mbano unakuwa sawasawa. Sasa ikishalika, baridi bado inashika kidogo, lakini moto ukiingia slivu inatanuka kupita pistoni, kompresheni inaondoka, injini inazima. Nilipozungusha ya kwake, pistoni ilipita juu kama mchi kwenye kinu kipana. Hakuna kunoki hapo, ni kulika tu.

Kilichoila ni mchanga wa ufukweni Raskazone. Alifua sifongo la ea klina kwa sabuni, akalianika, akalirudisha kavu. Sifongo lile hufanya kazi likiwa na mafuta yake. Kavu, mchanga laini unapenya moja kwa moja mpaka kwenye pistoni.

Unaweza kununua pistoni na slivu peke yake, vinauzwa kama seti. Mara nyingi nashauri injini nzima, kwa sababu bei ya seti huwa inaikaribia, na beringi za kranki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) zilizokula mchanga ule ule zinabaki ndani zikikusubiri.

Sasa miguu. Injini za nitro za magari zimegawanyika makundi mawili makubwa: bloki ndogo, ambazo kwa kawaida ni kuanzia 12 hadi 18, na bloki kubwa, kuanzia 21 kwenda juu. Matundu manne ya skrubu za kufungia chini hayako umbali mmoja katika makundi hayo, na kimo cha shafti kutoka kwenye chasisi kinatofautiana. Lori lililotengenezewa bloki ndogo halipokei 21 hivi hivi. Linataka kibao cha kati, pengine na tangi kusogezwa. Baadhi ya viwanda vinauza vibao hivyo. Ukishafika huko umeshatoka kwenye mbadala, umeingia kwenye kuunda gari upya, na hilo ni jambo jingine kabisa (zuri pia, ila lina bajeti yake).

Mtego mkubwa uko kwenye shafti, na hauonekani kwenye picha za dukani. Kranki shafti za injini hizi hazina kiwango kimoja. Nyingine ni ndefu, zina nyuzi mpaka mwisho na zinafungwa nati kwa nje. Nyingine zimekatwa fupi na zina tundu lenye nyuzi kwa ndani, linaloingia bolti ndogo. Juu ya shafti hiyo inakaa flaiwili, kisha viatu vya klachi, kisha kikombe cha klachi chenye gia ndogo, na gia hiyo ndogo lazima ikutane uso kwa uso na gia kubwa ya katikati ya lori. Shafti ikiwa fupi kwa milimita tano tu, kikombe kinaishia kando ya gia kubwa. Injini mpya, imefungwa vizuri, inaunguruma, gari haliendi. Nimewahi kuona mtu amenunua injini ya namba ile ile kabisa, matundu yakakaa, akachinja kondoo kwa furaha, halafu klachi ikakataa.

Ekzosi nayo ina pande mbili: kuna injini zinazotolea moshi ubavuni na zinazotolea nyuma. Bomba lililopinda kwa ajili ya ubavuni haligeuki likawa la nyuma. Na bomba lile si la kupunguza kelele tu. Kwenye injini za tu-stroku mawimbi ya moshi yanagonga ndani ya bomba na kurudisha mafuta ambayo hayajaungua ndani ya silinda, ndiyo maana urefu wake unahusika na nguvu.

Kuwasha: kuna za kuvuta kamba, kuna zenye mota ya umeme nyuma, na kuna zisizo na chochote, ambazo unaliweka gari juu ya sanduku la kuwashia, gurudumu la sanduku likasugua flaiwili kutoka chini. Kama chasisi yako haina tundu chini ya flaiwili, hiyo ya tatu si yako. Kabureta pia iangalie. Moja inafunguka kwa kuvutwa mbele na nyuma, nyingine kwa kuzungushwa, na mkono wa sevo, ile mota ndogo inayopokea amri ya rimoti, umewekwa kwa mojawapo.

Basi kwa nini siyo 28, ambayo nayo ni bloki kubwa na pengine ingekaa? Ingekaa, ndiyo. Lakini gia na difu za lori lile zilipimwa kwa 21, na nguvu ya ziada huwa inatafuta mahali dhaifu pa kutokea. La pili ni mafuta. Hapa Tanga hayo ndiyo tatizo lenyewe.

Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili ya kulainisha. Nitromethani kwenye magari huwa kati ya asilimia 10 na 30. Kazi yake ni hii: kuunguza gramu moja ya petroli kunahitaji karibu gramu 15 za hewa, methanoli inataka kama 6.5, nitromethani inataka chini ya 2, kwa kuwa imebeba oksijeni ndani yake. Kwa hewa ile ile inayoingia, unaweza kuunguza mafuta mengi zaidi, na nguvu inatoka hapo. Gharama yake ni kwamba tangi la mililita 125 linaisha kwa dakika chache, na injini kubwa inalimaliza mapema zaidi.

Kijana akauliza swali ambalo wavuvi wa hapa Deep Sea nao wangeuliza: mashine za boti zetu si tu-stroku, tunachanganya petroli na oili, kwa nini hii isinywe hivyo hivyo? Kwa sababu haina cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini. Unaupasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, halafu unaondoa betri, na methanoli ikiugusa waya ule inauweka mwekundu. Petroli haiufanyii hivyo, kwa hiyo betri ikitoka injini inazima.

Injini mpya isiyowahi kutiwa mafuta inasafiri kwenye begi kama chuma kingine. Mafuta yake hapana. Ni mzigo unaowaka, na hauruhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege. Ukiyapata, yasikae kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Methanoli inapofusha na inaua, na moto wake mchana karibu hauonekani.

Ya mwisho niliyomwambia ni unyevu wetu wa pwani. Methanoli inavuta maji hewani, na mabaki ya nitromethani yakibaki ndani yanaanzisha kutu kwenye beringi ya nyuma. Ukimaliza kucheza, acha injini iunguze mafuta yote mpaka izime yenyewe, kisha tia matone ya oili nyepesi kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, uzungushe mara kadhaa. Na ikiwa mpya, kwa matangi matano ya kwanza ifungulie sindano ya kabureta inywe mafuta mengi, moshi uonekane, bila kulikimbiza gari.

Ujumbe alioutuma Muscat jioni ile ulisema hivi: "Shikamoo mjomba. Ni 21, bloki kubwa. Matundu ya miguu nimekupigia picha na rula juu yake. Shafti ndefu yenye nyuzi, urefu wake uko kwenye picha ya pili. Ekzosi nyuma. Ya kuvuta kamba. Kabureta ya kuzunguka. Na plagi mbili za akiba."

Jibu likaja baada ya muda: "Marahaba. Na ile 28 uliyonisumbua nayo wiki nzima?"

"Tumeiacha, mjomba. Ongeza sifongo la ea klina."