Spana mkononi, hela mfukoni? Hesabu tunazokosea kuhusu kujitengenezea gari Mbeya

Nilinunua boksi la spana Mwanjelwa nikiamini kwamba ndani ya mwaka mmoja litakuwa limejilipa. Huu ni mwaka wa tatu. Spana namba 10, inayotumika kuliko zote, imeshapotea mara mbili, na hela niliyotoa siku ile bado haijarudi. Sijutii kulinunua. Ila zile hesabu nilizoanza nazo, ambazo kijiweni nazisikia karibu kila wiki, nyingi hazisimami.

"Hela kubwa inaliwa na ufundi"

Huku kwetu si kweli. Kwenye daftari langu, servisi moja ya Toyota IST yangu iliandikwa hivi: oili kopo la lita 4 shilingi 65,000, filta 10,000, fundi 10,000. Jumla 85,000, na fundi ndani yake hana hata moja ya nane.

Tatizo ni kwamba wengi tunajifunzia kwenye video za Marekani. Kule gereji nyingi zinatoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi, kwa hiyo mtu akibadilisha breki mwenyewe Jumamosi asubuhi ameokoa hela ya maana. Wewe ukifanya kazi ileile pale Iyunga au Uyole umeokoa chipsi kuku, na nguo umezichafua.

Sasa weka vifaa. Jeki la gereji lile la magurudumu, stendi mbili, boksi la spana na spana ya filta vilinigharimu 260,000, tena kwa kubembeleza. Gawanya kwa 10,000 ya fundi: servisi 26. Nabadilisha oili kila kilomita 5,000, maana yake natakiwa kutembea kilomita 130,000 ndipo nirudishe hela yangu. Ni kama kwenda Dar na kurudi mara 78 hivi. Gari lenyewe sidhani kama litafika huko.

"Basi hakuna faida yoyote, mwachie fundi kila kitu"

Hapa wanakosea wale wa upande wa pili, na ndipo hela inapovuja kweli.

Ukimwambia fundi "nenda kaninunulie", spea itapanda bei kati ya dukani na gereji. Cha juu kila mtu anakijua. Mimi siwalaumu sana mafundi kwa hilo, kwa sababu sisi wenyewe tunamkaba mtu kwenye ufundi mpaka anakubali 5,000 kwa kazi ya saa mbili, halafu tunashangaa anapotafuta riziki yake kwenye bei ya pedi. Lakini cha juu ni kidogo ukilinganisha na spea isiyo sahihi. Filta ya bei rahisi inapachikwa, huioni, na wewe umelipia nzuri.

Injini ya IST, iwe ile ndogo ya 2NZ au kubwa ya 1NZ, inachukua oili kama lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kopo lina lita 4. Nimesimama kwenye gereji tatu tofauti mjini hapa na mara zote fundi alimimina kopo zima, akalipigapiga matako ili hata tone lisibaki, kisha akanionesha kopo tupu kama ushahidi kwamba hakuniibia. Anafanya uaminifu kabisa, na stiki, kile kijiti cha kupimia oili, inasoma juu ya alama. Kwa kiasi hicho injini haifi siku hiyo. Ila oili ikizidi sana, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaikoroga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Gereji nyingine iliwahi kuniandikia kwenye karatasi: taimingi belt, pamoja na ufundi, shilingi laki moja na themanini. IST haina taimingi belt, ina cheni. Carina za zamani zenye injini ya 5A ndizo zenye mkanda. Sikushika spana siku hiyo, ila nilijua kilichomo ndani ya gari langu, na hiyo laki na themanini ikabaki mfukoni. Boksi langu la spana halijawahi kuniokolea hela ya namna hiyo kwa mara moja.

Na nisijisifu sana. Mara yangu ya kwanza kumwaga oili mwenyewe niliikaza nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) kwa mikono miwili, mguu umekanyaga ukuta, kwa kuogopa isivuje. Meno yakaliwa. Oili mpya ikaanza kudondoka tone kwa tone kwenye kopo la rangi, na mimi nimelala pale chini nahesabu. Fundi wa kuchonga alinitengenezea nati nene kidogo kwa 25,000, bila kuhesabu gari la kunivuta mpaka kwake. Baadaye nikamtazama fundi anavyoikaza: spana ameishika karibu na kichwa, mkono mmoja, kiwiko hakinyanyuki. Nguvu inayohitajika ni ndogo kiasi hicho.

"Mbeya baridi, gari halichemshi, maji ya bomba yanatosha"

Hii ndiyo inayoua injini nyingi huku, na inaanza kama kubana matumizi. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema: hapa kwetu sufuria la wazi linachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maharage yanayogoma kuiva yanalijua hilo. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mfuniko unaobana shinikizo, pamoja na kulanti, ile dawa ya rejeta. Mfuniko ukichoka mpira, baridi ya Juni haikusaidii chochote ukiwa umepakia na unapanda kwenda Chunya. Tena kulanti si ya kupoza tu, inazuia kutu ndani ya injini, kazi ambayo maji ya bomba hayaifanyi.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya kung'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, "ili gari lipumue". Unapewa kama ushauri wa bure, na fundi anakitupa kifaa pembeni mbele yako. Injini inakuwa haifikii joto lake, hasa kwenye asubuhi zetu, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani gari limewashwa sasa hivi, na mwenye gari analalamika kwamba IST siku hizi inakunywa. Themostati mpya ina bei ndogo kuliko tanki moja.

"Breki ni pedi"

Pedi za mbele nabadilisha mwenyewe, sioni shida. Lakini kwa anayeshuka Kitonga au Mlima Nyoka, pedi ni nusu ya habari. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya kabisa, kiwango kinataka yasichemke kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Sasa shuka na gari lililojaa huku mguu haubanduki kwenye breki: diski zinawaka, joto linaingia kwenye mafuta, yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka kwenye zulia, na pedi zako mpya zipo palepale. Ndiyo maana madereva wa malori wanaojielewa wanashuka na gia nzito tangu juu. Anayeshuka nyutro kuokoa mafuta, hesabu zake mimi siziwezi.

Kwa hiyo kopo la mafuta ya breki nanunua mimi, jipya, na nalifungua mimi mbele ya fundi. Lile lililokaa wazi dirishani tangu masika silitaki. Kuyabadilisha na kutoa upepo namwachia yeye na kijana wake, kwa sababu kazi hiyo inataka mmoja akanyage na mwingine afungue nati, na mke wangu alishakataa.

"Mashine itasema kifaa kilichokufa"

Mashine ya kupimia, ile inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, inatoa namba ya mahali palipoleta malalamiko tu. Namba ya sensa ya oksijeni inaweza kuwa waya uliokatwa na panya. Usinunue sensa kabla waya haujaangaliwa.

"Jeki la kwenye buti linatosha kuingia uvunguni"

Hapana. Lile ni la kubadilishia tairi, basi. Na tofali si stendi, linapasuka bila kuaga. Kama huna stendi mbili na sakafu iliyonyooka, na viwanja vyetu vingi vya chini ya Loleza vimekaa mteremko, mpe fundi 10,000 yake.

Siku hizi naenda gereji ya chini ya mparachichi nikiwa na filta yangu, oili yangu na kitambaa cha kufutia stiki. Fundi ananicheka, anasema nimekuja hotelini na chakula changu. Ufundi namlipa 15,000 bila kubishana. Akianza kumimina nasimama karibu, tunapima, anaongeza kidogo, tunapima tena. Kinachobaki kwenye kopo, kama chupa ya soda hivi, narudi nacho nyumbani.