Kurekebisha weupe wa runinga kupitia menyu ya fundi

Anayefua shati jeupe la shule hutia bluu kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, kwa kuwa jicho hudhani kitambaa chenye ubuluu ni cheupe zaidi. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefanyiwa ujanja huohuo, ili zing'ae dukani chini ya taa kali. Zikifika sebuleni, bibi harusi kwenye video anaonekana kama mtu aliyetoka kuugua.

Weupe unaofuatwa studio huitwa D65, na joto la rangi yake, yaani kipimo cha jinsi weupe unavyoelekea umanjano au ubuluu, ni takriban Kelvini 6,500. Ili kuukaribia, mimi huanza na menyu ya kawaida: nachagua hali ya filamu, rangi ya joto (yenye umanjano kidogo), na kuzima vipengele vyote vinavyobadilisha mwangaza vyenyewe. Mara nyingi kazi huishia hapo, na kwa maoni yangu ndipo inapostahili kuishia.

Kasoro inapobaki, ndipo ninapoingia ndani, kwenye menyu iliyofichwa ya fundi. Kwa runinga nyingi za LCD za Samsung za miaka ya nyuma, naizima kwa rimoti, kisha nabonyeza INFO, MENU, MUTE na POWER mfululizo bila kusita. Hutokea orodha ya vifupisho visivyo na maelezo yoyote. Kabla ya kugusa chochote napiga picha kila ukurasa kwa simu, kwa sababu menyu hii haina mahali pa kughairi. Hilo nilijifunza kwa aibu mwanzoni mwa kazi, kwenye runinga ya aina nyingine kabisa: nilibadilisha namba inayoiambia runinga ina paneli (kioo) ya aina gani, picha ikapinduka juu chini, nami nikaitafuta namba ya awali huku nimepinda shingo kusoma maandishi yaliyogeuka, mwenye runinga akinitazama.

Ninachokitafuta humo ni namba sita tu. Nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina geni, inayotawala sehemu angavu za picha, na ofseti, inayotawala sehemu za giza. Naiacha runinga iwake nusu saa, naweka kipima rangi katikati ya kioo, naonyesha kijivu cha asilimia 80, kisha narekebisha geni ya nyekundu na ya buluu mpaka vipimo vya x na y, namba mbili zinazotaja rangi ya weupe huo, vikaribie 0.313 na 0.329, yaani D65. Kijani sikigusi, kwani ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mwangaza. Tena ni heri kupunguza buluu kuliko kuongeza nyekundu, maana rangi iliyoongezwa ikifika kikomo chake, mawingu na nguo nyeupe hupoteza mikunjo yake.

Kisha nashuka kwenye kijivu cha asilimia 20 na kurekebisha ofseti, na hapa ndipo penye taabu: ukigusa ofseti, sehemu angavu nazo husogea, kwa hiyo unapanda tena, unashuka tena, mara tatu au nne, hadi pande zote mbili zitulie. Wanaodai kuifanya kazi hii kwa macho matupu siwaamini, kwa sababu jicho huizoea rangi yoyote baada ya dakika chache.

Mazoea hayohayo ndiyo humfanya mteja alalamike kwamba picha imekuwa ya manjano. Sibishani naye, namwomba aiangalie hivyo kwa siku tatu, halafu airudishe rangi baridi, ile yenye ubuluu, kwa rimoti yake mwenyewe, alinganishe.