Tramu ni nini, na kwa nini treni ya Syokimau si tramu?

Tramu ni gari la abiria linalotembea juu ya reli zilizolazwa ndani ya barabara ya mjini, barabara ileile ya matatu, baiskeli na waenda kwa miguu. Nairobi haijawahi kuwa nayo, kwa hiyo ni rahisi mtu kuita tramu treni yoyote inayobeba watu kwenda kazini asubuhi. Ya Syokimau, kitongoji cha pembeni mwa Nairobi, ni treni kamili.

Ukitaka kuzitofautisha, angalia chini. Reli inayopita Kibera imekaa juu ya mataruma na kokoto, na gari haliivuki ila penye kivuko. Reli ya tramu imezama kwenye lami. Uso wake uko sawa na barabara, na pembeni ina mfuo mwembamba ambamo ukingo wa gurudumu la chuma hupita. Tramu za kwanza za New York, mwaka 1832, zilivutwa na farasi kwenye reli zilizochomoza, zikawa kero kwa mikokoteni. Reli yenye mfuo ilikuja miaka ya 1850, na sifa yake hupewa Mfaransa Alphonse Loubat. Kwangu mimi huo mfuo ndio uliofanya tramu iweze kuishi mjini, kwa sababu barabara ilibaki ya watu wote. Mwenye baiskeli tu ndiye bado anapaswa kuwa macho: akiuvuka kwa mshazari, gurudumu hunaswa.

Kutembea barabarani kunaleta masharti. Treni huongozwa na ishara zake, na magari ndiyo yanayoipisha. Dereva wa tramu huendesha kwa kuangalia mbele kama dereva wa matatu, na taa za barabarani zinamhusu, ingawa miji mingi huiwahishia tramu taa yake. Jambo moja hawezi: kukwepa. Fikiria reli zimelazwa Moi Avenue, kisha mtu aegeshe gari juu yake "dakika mbili tu". Tramu zote za njia hiyo zitapanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana miji mingi huzitengea ukanda wake kila inapowezekana.

Chuma juu ya chuma huviringika kwa urahisi mno, hivyo tramu hutumia nguvu kidogo kwa mzigo mkubwa. Urahisi huohuo huifanya ichelewe kusimama. Kwa dharura, dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu na kuwasha breki za sumaku zinazong'ang'ania reli yenyewe.

Umeme ulichukua nafasi ya farasi kuanzia 1881, mhandisi Mjerumani Werner von Siemens alipoendesha tramu yake Lichterfelde karibu na Berlin. Siku hizi umeme, mara nyingi volti 600 hadi 750, hutoka kwenye waya wa juu, hushuka kupitia mkono ulio juu ya paa hadi kwenye mota, kisha hurudi kwa njia ya reli. Bordeaux, Ufaransa, haikutaka waya mbele ya majengo yake ya kale. Tangu 2003 sehemu za mji huo zina reli ya umeme ardhini, inayowaka pale tu tramu inapokuwa juu yake.

Tramu ya mita 30 hubeba watu kama 200, waliosimama wakiwemo. Hizo ni matatu 14 za abiria 14, kwa dereva mmoja.

Jirani yetu Addis Ababa ilizindua mwaka 2015 mfumo wa njia mbili, zaidi ya kilomita 30. Magari yake ni ya ukoo wa tramu, ila yana njia yake, kwingine juu ya madaraja, ndiyo maana huitwa reli nyepesi. Kwetu Kenya, kilichoikaribia tramu zaidi kilikuwa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20: toroli ndogo zenye paa la kivuli, kwenye vijireli vyembamba vilivyopita mitaani kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hazikuwa na farasi wala umeme. Zilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake.