Kabla hujampeleka mbwa wako Marangu

Mimi ni daktari wa mifugo, na ikifika Novemba wateja wangu wa Moshi na Arusha huanza kupiga simu za aina moja. Wengine wanarudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa wazazi kula Krismasi, wengine wamekodi nyumba ya mapumziko huko juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Marangu au Machame, na wote wanauliza: "Daktari, naweza kwenda na mbwa?" Ndiyo, nenda naye. Ila anayeniuliza tarehe 22 Desemba amechelewa, na huwa inaniuma kumwambia hivyo.

Kinachohitaji muda ni chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Aliyechanjwa kwa mara ya kwanza mpe wiki tatu hadi nne kinga ijijenge, kwa sababu vijijini atakutana na mbwa wengi wanaozurura bila mtu kujua historia yao. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo za distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa, abaki mjini na mtu anayemjua. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na njia ya kijiji hupitwa na kila mbwa. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni mahali mtakapotembea. Mbwa haruhusiwi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na hata ile ya Arusha kule Meru ni hivyohivyo. Tangu 2005 msitu wa asili wa Kilimanjaro umeingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi, kwa hiyo usidhani hifadhi inaanzia huko juu kwenye vibanda vya wapanda mlima. Wapo wanaokasirika nikiwaambia, na mimi huwaeleza habari ya Serengeti mwaka 1994: distempa iliyotokana na mbwa wa vijiji vya jirani iliua karibu theluthi moja ya simba. Mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akiacha ugonjwa nyuma yake. Tembeeni kwenye njia za migombani na kando ya mifereji, mbwa akiwa kwenye kamba. Kuna uzuri wa kutosha.

Ukipiga simu kwa mwenye nyumba, usiishie kuuliza bei na maji ya moto. Muulize uzio umejengwa kwa kitu gani. Huko kwetu mpaka wa kihamba mara nyingi ni mstari wa mimea ya masale tu. Jirani anauheshimu, mbwa anaupita bila hata kuinama. Uliza kama upande wa pili kuna kuku na mbuzi wa kufungiwa, maana mbwa wa mjini aliyezoea kuona paka tu atamkimbiza kuku wa kwanza atakayemwona. Akiua, nenda mwenyewe kwa jirani kabla hajaja kwako, na ulipe. Halafu uliza swali ambalo hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kulifikiria: mbwa atalala wapi usiku?

Hili nilijifunza kwa mbwa wangu mwenyewe, Chui. Ilikuwa msimu wa vuli, mvua imenyesha tangu mchana. Mzee mlinzi wa nyumba aliniambia, "Daktari, huyo usimfunge nje, siafu wanatembea." Nilimjibu, "Asante, mzee," halafu nikamfunga Chui kwa mnyororo kwenye mti wa mgrevilea, kwa kuwa alikuwa amelowa na nyumba ni ya watu. Saa nane usiku nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si kubweka wala kulia. Nilipommulika kwa tochi miguu yake yote minne ilikuwa nyeusi, inatembea. Siafu walikuwa katikati ya vidole, ndani ya masikio, kwenye kope. Ukivuta mmoja mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Nilimfungua nikamwingiza ndani. Mzee alikuja na ndoo ya majivu ya moto wa jikoni akayamwaga kuuzunguka mlango, na sisi wawili tukakaa sakafuni tukiwatoa mmoja mmoja hadi alfajiri. Chui alipona. Mbwa asiyefungwa huwakimbia siafu. Aliyefungwa au aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia, na anaweza kufa. Kwa hiyo alale ndani, na kama mwenye nyumba hataki, tafuta nyumba nyingine.

Chakula mbebee kile anachokula kila siku. Uani kwa watu, angalia kahawa iliyoanikwa, maana kafeini ni sumu kwake, na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo mbwa huyapenda mno ilhali yana pombe. Mbegu ya parachichi lililodondoka hukwama tumboni na kuniletea kazi ya kisu.

Njiani si tatizo kubwa. Asile kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya safari, kwa sababu kona za kupanda kutoka Himo humtapisha. Usimwache garini hata dakika tano mnaponunua ndizi, kule chini jua ni kali. Juu, lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800, karibu mita 1,000 juu ya Moshi mjini, na usiku huwa baridi hasa: blanketi kavu litamtosha, urefu huo wenyewe haumdhuru.

Kupe ndio hurudi na mbwa. Mpake au mpe dawa siku chache kabla ya kuondoka, na kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Homa ya kupe haionekani siku ile. Hujitokeza wiki moja hadi tatu baadaye: anakataa chakula, fizi zinapauka, pengine damu inatoka puani, na wakati huo mwenye mbwa ameshasahau kwamba alikuwa mlimani. Mimi huandika tarehe ya kurudi nyuma ya kadi ya chanjo. Kwa wiki tatu kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kumpa Chui chakula, namfunua mdomo nione rangi ya fizi.