Kabla hujadai umepata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana

Tangu Oktoba 2024, ilipotangazwa kwamba 2^136,279,841 − 1 (yaani 2 zilizozidishwa pamoja mara 136,279,841, kisha ukatoa 1) ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, tunapokea madai mengi ya kuivunja rekodi hiyo. Namba yenyewe ina tarakimu 41,024,320, na aliyeipata ni Luke Durant kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za aina hii. Rekodi iliyotangulia, ya 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048. Tunaushukuru moyo wa wanaoleta madai, lakini mengi yana kosa lile lile.

Kosa ni hili: “kipeo changu (idadi ya 2 zinazozidishwa) ni tasa, kwa hiyo jibu ni tasa.” Hapana. 11 ni tasa, ila 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Kipeo kisipokuwa tasa, dai limekufa. Kikiwa tasa, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Anza kwa kutafuta vigawo vidogo. Kigawo chochote tasa cha 2^p − 1, ambapo p ni kipeo tasa, lazima kiwe na umbo 2kp + 1, k ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa p = 136,279,841, k ya 1 inabakiza 3 na k ya 2 inabakiza 5, zote zinatupwa; cha kwanza kustahili kujaribiwa ni 817,679,047. Anayeanza na 3, 7 na 11 anapoteza umeme.

Kisha kipimo cha Lucas-Lehmer, kinachothibitisha kama namba ya umbo hili ni tasa. Chukua 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, tunza baki. Rudia mara p − 2. Kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1, unapata 4, 14, 8, 0; sifuri ya mwisho ndiyo ushahidi. Kwa namba ya Durant ni mizunguko 136,279,839, na biti moja (0 au 1) ikigeuka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mizunguko yote inayofuata imeharibika bila dalili yoyote. Ndiyo maana kwanza hufanywa kipimo cha “huenda ni tasa” chenye ukaguzi wa Gerbicz, mbinu ya kugundua makosa kama hayo hesabu ikiendelea. Tarehe 11 Oktoba 2024 kadi ya kompyuta ya kukokotoa, NVIDIA A100, iliyoko Dublin, Ireland, ilitoa ishara kwamba namba ya Durant huenda ni tasa. Kesho yake kadi nyingine, H100 ya San Antonio, Marekani, ikathibitisha kwa Lucas-Lehmer. Uhakiki hurudiwa kwa programu na mashine tofauti.

Usilete tarakimu milioni arobaini kwenye flashi. Kipeo kinatosha: kwa msingi wa mbili namba hiyo ni 1 zilizopangwa 136,279,841 mfululizo, basi.

Wala benki haziitumii kulinda siri zao. Funguo za biti 2,048 za RSA, mbinu ya kuficha ujumbe, hutumia namba tasa mbili za siri, kila moja ya tarakimu 300 hivi; namba inayojulikana na dunia nzima itaficha nini?

Kuhusu fedha, zawadi ya dola 150,000 ya EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, inadai tarakimu milioni 100, kwa hiyo hata namba ya Durant haifiki. Na anayechukua kipeo GIMPS ili akipime, asipoonyesha maendeleo, muda wake huisha na kipeo hugawiwa mwingine.